Mwendo wa Kipofu

Nilipopata Kipaimara usharikani kwetu, Bukoba, nilikuwa nimekariri Katekisimo Ndogo ya Luther mwanzo hadi mwisho. Kitabu hicho cha mwaka 1529 tulifundishwa na mwinjilisti aliyekuja kwa miguu kila Jumamosi kutoka mtaa wa jirani, na hakukubali mtu aseme "nadhani". Ulisimama, ukasema amri na maana yake, ukakaa. Ninamshukuru hadi leo. Zipo nyakati nilizokosa maneno yangu mwenyewe ya kumwambia Mungu, nikayatumia yale aliyotuwekea vichwani.

Lakini kuna jambo katika Imani ya Mitume ambalo lilinichukua muda kuliona. Tunakiri kwamba Yesu alizaliwa na bikira Mariamu, na papo hapo, kabla hatujavuta pumzi, tumeshafika kwenye mateso ya Pontio Pilato. Katikati hakuna kitu. Miaka yake yote ya kutembea, kula, kuchoka, kukasirika, kuuliza maswali na kulala mashuani imepita ndani ya mkato mmoja. Silaumu Imani, iliwekwa kulinda mambo ambayo Kanisa liliyapigania, na yamelindwa. Ila Mkristo akiishia hapo atamjua Bwana wake kama waombolezaji wanavyomjua marehemu kwa wasifu unaosomwa kabla ya kwenda kaburini: alizaliwa, alifanya haya, alifariki. Kila neno ni la kweli, na bado usingeitambua sauti yake akikuita kutoka nyuma.

Aliyeniingiza ndani ya ule mkato ni bibi yangu, mzaa baba.

Bibi alikuwa wa uamsho. Wasomaji wa Kagera, Uganda na Rwanda hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine niseme kidogo. Mwaka 1929, mlimani Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, wote wawili wakiwa na kiu. Katika miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, Rwanda, alikokuwa akifanya kazi Church, ukasambaa Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Bukoba. Watu waliungama wizi wa ng'ombe, wakarudisha mali, maadui wakapatana. Wimbo wa Tukutendereza uliimbwa kwa Kiganda hata na watu ambao Kiganda chao chote kilikuwa ni huo wimbo. Bibi aliingia akiwa mke kijana, na hakutoka tena.

Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi moja niliyoiogopa utotoni. Ushuhuda wa zamani haukuwatosha. Mtu akisimama kusimulia jinsi alivyookoka miaka kumi iliyopita, walimsikiliza kwa heshima, kisha mmoja akamuuliza: na wiki hii, Yesu amekuwa nani kwako? Bibi aliuleta mtindo huo nyumbani. Nikirudi kutoka shule ya bweni, baada ya shikamoo na marahaba, baada ya kuuliza habari za masomo na chakula, lilifuata swali hilo. Nilijibu kwa kifungu chochote kilichokuwa karibu. Alitikisa kichwa, akanimiminia uji.

Nilipoanza kazi ya ualimu, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Biblia yake, ile ya Union iliyotoka mwaka 1952, ilikaa mezani imefunikwa kitambaa. Likizo moja akaniomba nimsomee Injili ya Marko. Nikamuuliza kwa nini Marko. Akasema, "Ni fupi. Nataka tuimalize kabla hujaondoka."

Tulisomea barazani, asubuhi, baada ya umande kukauka. Alikaa mkekani na ungo magotini akichagua maharage kwa vidole, kwa sababu macho hayakumsaidia tena. Jiwe likipatikana alilitupa pembeni, likagonga saruji. Nilizoea mlio ule kiasi kwamba ukikatika nilijua kuna jambo limemshika, nami nikanyamaza kumngoja.

Ulikatika katika sura ya 5, mwishoni. Binti wa Yairo, mwenye miaka 12, ameinuliwa kutoka mautini. Nyumba nzima imepigwa na bumbuazi. Na Yesu anaagiza mtoto apewe chakula. Bibi akacheka kwa furaha. "Baba mtu haelewi yuko wapi. Mama mtu vilevile. Wazee watatu aliokuja nao wanatazama tu. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa." Alikuwa amelea watoto wengi, wengine wakiwa wagonjwa, na alijua kwamba mtoto aliyepona homa kitu cha kwanza anachotaka ni kula. Mimi pale nilikuwa nimeuona uweza. Yeye alimwona mtu anayemwangalia mtoto.

Kisha tukafika sura ya 8, kule Bethsaida, kwenye uponyaji ambao ni Marko peke yake aliyeuandika. Kipofu analetwa. Nikasoma kwamba Yesu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji. Jiwe halikusikika.

"Rudia hapo, baba."

Nikarudia.

"Yesu mwenyewe alimshika mkono?"

"Ndiyo, bibi."

"Hakumwambia Petro amshike?"

"Petro hatajwi hapo."

Akaweka ungo chini. "Wewe ndiye unayenipeleka kanisani. Unajua ninavyotembea."

Nilijua. Anayemwongoza asiyeona hawezi kutembea mwendo wake mwenyewe. Anasema "hapa pana mzizi", anasubiri mguu upapase, uinuke, upite. Anasema "mteremko", anasimama. Njia ya kwetu kwenda kanisani inapita katikati ya migomba, ina mifereji, na mwendo wa dakika kumi ulituchukua karibu saa. Anayeshikwa naye hukushika kwa nguvu, kucha zinaingia, kwa sababu hana kingine cha kutegemea.

"Basi alikwenda kwa mwendo wa yule kipofu," bibi akasema. "Na wale wengine wote wakawa wanamngoja."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kisa hicho, na nimehubiri mwenyewe. Tunaongelea mate, tunaongelea kuwekewa mikono mara mbili. Sijasikia hata hubiri moja lililogusa ile safari ya kutoka kijijini. Ilihitaji mtu asiyeona ili aone kwamba kabla ya kuguswa macho, mtu huyo alikuwa ameshafanyiwa jambo: Mwana wa Mungu alipunguza mwendo. Tangu asubuhi ile, nikiomba, ninayemwomba ana mwendo. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo, lakini kila anayemjua Yesu ataelewa nikisema kwamba hiyo ni tofauti kubwa.

Kisa chenyewe kinaendelea kwa namna ya ajabu. Yesu anamgusa, halafu anamuuliza kama anaona chochote. Injili zote nne hazina mahali pengine ambapo Yesu anamponya mtu kisha anamuuliza kama imefaa. Na yule mtu anajibu kwa uaminifu ambao ningeutamani katika ibada zetu. Anaona, lakini vibaya. Watu wanatembea kama miti. Angeweza kushangilia. Watu wamemleta, mganga wake ni mashuhuri, wanafunzi wanatazama. Nani angemlaumu kama angesema "naona, asante, Bwana asifiwe"? Akasema kilichopo. Kwa sababu alisema, akaguswa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi Marko alivyokipanga kitabu chake. Mara baada ya kipofu huyu, wako njiani kuelekea Kaisaria Filipi, na Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo. Ameona. Mistari michache baadaye Yesu anaeleza kwamba itampasa kuteswa na kuuawa, na Petro huyohuyo anamvuta kando kumkemea. Ameona miti inayotembea. Kristo anamwona, msalaba hauoni. Kuanzia hapo hadi mwisho wa sura ya 10 Yesu anatangaza kifo chake mara tatu, na kila mara wanafunzi wanajibu kwa jambo la ukubwa: Petro anakemea, wote wanabishana nani mkuu, Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kulia na kushoto. Sehemu yote hiyo inafungwa na kipofu mwingine, Bartimayo, ambaye akishapata kuona anamfuata Yesu njiani, na njia hiyo inakwenda Yerusalemu. Vipofu wawili, mmoja mwanzoni na mmoja mwishoni, na katikati yao watu wenye macho mazuri ambao bado wanaguswa.

Ninalisema hili kwa ajili ya ndugu wanaohangaika wakidhani imani isiyokomaa ni imani ya uongo. Petro wa sura ya 8 hakuwa mnafiki. Alikuwa ameacha nyavu zake. Alikuwa ameguswa mara moja.

Mimi niliguswa tena katika wodi.

Baba yangu aliugua muda mrefu, na katika wiki zake za mwisho tulipokezana kulala naye hospitali. Nilimjua Yesu anayetoa: anatoa mkate, anatoa uzima, anatoa amani. Nilimwomba atoe. Usiku mmoja, baba akiwa amesinzia, nilikwenda kusimama koridoni penye taa nikasoma sura ya 14, Gethsemane. Nimeisoma kila Juma Kuu tangu utotoni. Usiku ule nilimwona Yesu anayeomba kitu kwa watu. Anawachukua watatu, anawaambia hali ya moyo wake bila kuificha, na anawataka wabaki naye wakiwa macho. Hawaombi wamtetee wala wamweleze kwa nini. Anataka wasilale. Anarudi kuwatazama mara tatu, kama mgonjwa anayefumbua macho kuona kama bado uko.

Nikarudi kitandani kwa baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ziara za maombi marefu zilimchosha ingawa hakuwahi kusema. Kuanzia usiku ule nilipunguza maneno. Nilimshika mkono, nikakaa macho. Asubuhi moja aliniambia, "Wewe hulali?" Nikamwambia ninalala mchana. Hakufika mwisho wa mwezi.

Kuna waliotuambia kwamba imani yetu ilikuwa ndogo. Waliosema hivyo wanampenda Yesu, lakini Yesu wanayemhubiri hajawahi kuingia bustanini. Katika miji yetu sasa hivi maji ya upako, mafuta ya upako na udongo wa upako vinauzwa kwa wagonjwa na kwa mama wasio na nauli ya kurudi nyumbani, na umati ni mkubwa. Umati ulikuwepo pia Kapernaumu. Katika sura ya 1 Marko anasimulia jinsi mji mzima ulivyokusanyika mlangoni, na kesho yake alfajiri, bado giza, Yesu akaondoka kwenda mahali pasipo watu kuomba. Simoni akamfuatia na habari njema kabisa kwa mhubiri yeyote: kila mtu anakutafuta. Yesu akajibu kwamba waende vijiji vingine. Hakurudi mlangoni. Anaponya, na nimeona akiponya, ila hakubali kumilikiwa na watu wanaotaka mikono yake bila yeye mwenyewe. Mchungaji anayewafundisha watu kumtaka Yesu kwa ajili ya gari na visa anawaacha kwenye mguso wa kwanza, na hilo linanitia uchungu.

Nikiulizwa ukuaji unafananaje kwa mtu aliyekwisha kwenda mbali, humtaja Festo Kivengere. Mwana huyu wa Kigezi, Uganda, aliokoka katika uamsho mwanzoni mwa miaka ya 1940, akafundisha Dodoma, na ndugu wengi wa Tanzania walimfahamu kwa sauti. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe Mera wakakimbia usiku kwa miguu kupitia milima hadi Rwanda. Tangu kuokoka kwake ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30 ya kuhubiri upendo wa Kristo. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba uhamishoni moyo wake ulijaa uchungu kwa Amin, hadi Ijumaa Kuu, katika kanisa moja London, ikasomwa sala ya Yesu kwa ajili ya wanaomsulubisha. Swali likamjia: kama Amin ndiye angeshika nyundo, je, Yesu angemtoa katika sala ile? Mwaka huohuo alitoa kitabu chenye jina lililowastua Waganda wengi, I Love Idi Amin. Hakusema alichofanya Amin ni kidogo. Alikuwa ameona kitu kwa Yesu ambacho miaka yote 30 haikuwa imekidai kwake.

Kwangu jambo hilo limekuja kwa umbo la kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Baada ya mazishi ya baba, ndugu mmoja wa ukoo aling'oa milamula, ile mimea ya mpaka iliyopandwa na babu, akaipanda upya ndani ya upande wetu. Anayejua Kagera anajua uzito wake. Kibanja ndimo yalimo makaburi. Shauri liko baraza la kata na litaendelea, kwa sababu wadogo zangu wana haki yao na haki ni jambo ambalo Yesu analipenda. Lakini nilikuwa nikimwona njiani ninavuka upande wa pili.

Sura ya 14 tena. Usiku wa kukamatwa Yesu anajua ni nani atakayemsaliti, na anasema ni mmoja anayechovya naye katika bakuli moja. Bakuli moja. Wameketi karibu kiasi kwamba mikono inakutana. Hakumhamisha meza. Nilipoliona hilo sikupata furaha. Nilikuwa nimezoea kumpenda Yesu huyu katika mambo mengine. Msiba mwingine ulipotukutanisha na huyo ndugu, sinia la ndizi na maharage likaletwa katikati yetu, nikanawa, nikala naye. Tuliongea habari za kahawa na bei yake. Mpaka bado haujarudi.

Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni, na tangu njia ya Dameski ilikuwa imepita takriban miaka 30. Alikuwa ameanzisha makanisa, amepigwa mawe, amechukuliwa katika maono asiyoweza kuyasimulia. Katika sura ya 3 anasema hamu yake ni kumjua Kristo, na anakiri kwamba bado hajafika. Zamani niliona huo ni unyenyekevu wa kuandika barua. Sasa namwamini neno kwa neno. Mtu aliyeko hai hamalizwi kujulikana, na Yesu yuko hai.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka uliofuata baada ya kusoma kwetu barazani, jicho moja likapona vizuri. Alisoma Marko tena mwenyewe, kidole kikifuata mstari, na alipofika Bethsaida alinipigia simu kuniambia kwamba kisa kimeandikwa vilevile nilivyosoma. Alitangulia mbele za haki akiwa na miaka mingi.

Katika jumuiya yetu tumeacha kwa muda vijitabu vya masomo na tunasoma Marko, nyumba hadi nyumba, kipande kwa kipande. Kiongozi ana maswali mawili tu: Yesu anafanya nini hapa, na anamtazama nani. Mama anayeuza dagaa mwaloni ndiye aliyetuonyesha kwamba katika dhoruba ya sura ya 4 Yesu alilala juu ya mto wa kulalia. Alisema waliompa mto ni watu waliomwona amechoka. Fundi seremala huona meza na milango ambayo sisi tunaipita. Wapo wanaosema hatuendi mbele. Ni kweli tunakwenda polepole.

Wiki iliyopita tulifika sura ya 11. Yesu ana njaa, anauendea mtini wenye majani, hapati kitu, anaulaani, na Marko mwenyewe anaeleza kwamba haukuwa msimu wa tini. Kijana wa kidato cha nne akauliza mti ulikosa nini. Mzee mmoja akaunganisha na hekalu, kwa kuwa habari ya kulisafisha imewekwa katikati ya kulaaniwa na kukauka kwa ule mti, na nadhani ameelekea penyewe. Kijana hakuridhika. Alisema anaelewa habari ya hekalu, ila bado anauhurumia mti. Hakuna aliyemkatiza. Kiongozi alimwambia aliandike swali lake mwanzoni mwa daftari, si mwishoni, maana sura ya 12 inaanza na shamba la mizabibu na watu wanaodaiwa matunda, na Alhamisi tukikutana yeye ndiye atakayesoma.